Bampa ya mkakasi

Jumamosi moja ya mwezi Machi, mvua ya masika ikiwa bado inasitasita, niliketi kwenye benchi la gereji moja ya jua kali mjini Embu nikingoja breki za gari langu. Kando yangu palisimama Subaru Impreza ya buluu, pua yake imevuliwa. Bampa ya zamani ilikuwa imelala kwenye nyasi. Ile mpya, ya faibaglasi, nyeupe kama unga kwa kuwa haijapakwa rangi, iliegemezwa ukutani. Kijana mwenye gari alikuwa ameisafirisha kutoka Nairobi juu ya paa la matatu, akaipokea stendi kama apokeaye mgeni wa heshima. Shida ilikuwa moja: haikukaa. Kila walipoisukuma, iligota kwenye mwamba wa chuma unaopita nyuma ya bampa, kutoka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili, kama mwamba wa goli.

"Kata hicho chuma," kijana akasema. "Kwani nani anakiona?"

Fundi, mzee mwenye mikono iliyokauka kwa miaka ya rangi na petroli, aliiweka grainda chini. "Hiki sikati," akajibu. "Ukitaka kikatwe, kijana wangu, tafuta mkono mwingine."

Kijana alikasirika, na nilielewa hasira yake. Pesa zilikuwa zimekwisha kutoka. Lakini jibu la mzee yule halijanitoka akilini, kwa sababu lilivunja mjadala ambao nimeusikia mara nyingi kutoka Embu hadi Maua: ukitaka kulipamba gari la spoti, ununue vipande vya bei rahisi au vya bei ghali? Nimefikia kuamini kwamba swali hilo limekaa upande. La kuuliza kwanza ni hili: kipande hiki kina kazi gani siku gari linapogonga au kugongwa? Ukishalijibu hilo, utajua pa kulegeza mkono na pa kuukaza.

Nianze kwa kusema kwamba sina ugomvi na mapenzi yenyewe ya magari haya. Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Subaru Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland akashinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akafanya vivyo hivyo. Watoto waliosikia milio ile redioni na kuona picha zile magazetini ndio watu wazima wa leo. Mashindano yalipotoka kwenye kalenda ya dunia baada ya 2002, mapenzi hayakutoka, na yaliporudi Naivasha mwaka 2021 yalikuta kizazi kingine kimekwisha kurithi. Anayependa gari lake akataka lipendeze hana kosa lolote. Wazee wetu walipamba ng'ombe kwa kengele.

Ila pesa za upande huu wa Mlima Kenya zina tabia yake. Bonasi ya majani chai huja mara moja kwa mwaka. Kahawa hulipa inapotaka. Miraa ya Igembe hulipa kila siku, hadi siku moja asubuhi inyamaze: Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, Somalia ikafunga anga yake kwa miraa Machi 2020, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Muguka wa Mbeere, ndugu yake miraa, nao ulionja shubiri hiyo Mei 2024, kaunti za Pwani zilipoupiga marufuku na wakulima wakakimbilia mahakamani. Anayeishi kwa pesa za namna hii hujifunza kununua leo, maana kesho haina ahadi. Akiwa na shilingi elfu kumi na mbili mkononi, atanunua bampa ya elfu kumi na mbili. Kumwambia asubiri hadi awe na elfu arubaini ni kumhubiria mtu ambaye amekwisha ona soko likifungwa usiku mmoja.

Kwa hiyo tupige hesabu pamoja naye, polepole. Tuseme bampa ya faibaglasi ni shilingi 12,000, na bampa halisi ya plastiki, iliyovuliwa kwenye gari lililotumika Japani, ni 25,000. Ile ya kwanza haikai bila kuchongwa. Fundi atachukua siku mbili akikata, akijaza fila, akipiga msasa na kutengeneza breketi mpya, tuseme 7,000. Rangi ni 8,000. Jumla 27,000. Ile ya pili huingia kwenye klipu zake asubuhi moja. Tuseme 2,000, na rangi ileile ya 8,000. Jumla 35,000. Mpaka hapo ya rahisi imeshinda kwa elfu nane. Kisha linakuja tuta la kwanza lisilo na alama, bampa ya faiba inapasuka pembeni, na gari linarudi kwa fundi: 4,000 za kuziba na 8,000 za rangi. Sasa rahisi imefika 39,000, na bado ina kovu. Rangi haijui imepakwa kwenye kitu gani. Bei yake ni ileile juu ya kizuri na juu ya kibovu. Waliosema rahisi huvunja upishi walikuwa wanapiga hesabu hii hii jikoni.

Hata hivyo, hesabu hiyo isimpe yeyote ruhusa ya kuiabudu bei ghali. Hapa ndipo wengi huteleza. Kampuni maarufu za Japani zinazotengeneza vifaa vya kupamba bodi, kama Liberty Walk ya Wataru Kato, huuza vifaa vyao vingi vikiwa vya faibaglasi, na kaboni huwa ni chaguo la kuongezea pesa. Naam, faibaglasi ileile. Mkeka wa nyuzi za kioo hulazwa kwenye kalibu, hupakwa rezini, hukauka, hutolewa. Tofauti ya bei inatokana na mkono na kalibu. Rezini ikizidi, kipande kinakuwa kizito na chepesi kuvunjika. Ikipungua, nyuzi zinabaki kavu na kuachana. Rezini husinyaa kidogo inapokauka, kwa hiyo anayechukua bampa iliyokwisha tengenezwa, akaifanyia kalibu, akatoa nakala, na mwingine akanakili nakala hiyo, anafika mahali ambapo bampa imepungua na kupinda. Ile bampa nyeupe ya Embu, ninavyoamini, ilikuwa mjukuu wa namna hiyo.

Upande wa pili kuna plastiki ya polipropilini, ambayo viwanda vya magari huitumia kwa bampa nyingi. Kuitengeneza kunahitaji kalibu kubwa la chuma lenye gharama kubwa, lakini kalibu likishakuwepo hutoa maelfu ya bampa zinazofanana. Ndiyo maana bampa ya plastiki ya bei ya chini inaweza kukaa vizuri na kuvumilia kuliko ya faiba ya bei ya juu. Ukiigonga polepole hubonyea na kurudi. Ikichanika, fundi huishona kwa joto. Faiba haibonyei, hupasuka. Hivyo basi, rahisi na ghali ni mstari mmoja, dhaifu na imara ni mstari mwingine, na mistari hiyo miwili hukatana mahali pengi.

Barabara zetu ndizo mwamuzi. Ukitoka Embu kwenda Meru unavuka mito inayoshuka kutoka mlimani: Thuchi, Nithi, Mutonga. Kila mto una mteremko wake, kona yake na mlima wake wa kupanda. Daraja la Nithi limeomboleza mara nyingi; Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukiiacha lami kwenda nyumbani, ni udongo mwekundu, unaogeuka utelezi msimu wa mvua na vumbi msimu wa kiangazi. Ikweta inapita karibu kabisa na mji wa Meru, nao mji uko juu, kwa hiyo jua linalotupiga ni kali kwa plastiki na kwa rangi. Kipande kilichobuniwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano wa Japani, wenye lami laini kama meza, kitajibu maswali tofauti kikifika Nkubu.

Ndiyo maana napendekeza tuvigawe vipande vya bodi katika mafungu matatu, kwa kazi zake.

Fungu la kwanza ni vipande vya sura tupu: mdomo wa chini ya bampa, sketi za pembeni, vipande vya nyuma vinavyofuata umbo la bampa. Hivi vitakwaruzwa, ndiyo riziki yake huku kwetu. Nunua rahisi na usijutie. Fundi wa faiba wa mjini mwako anaweza kukutengenezea kwa mikono yake, na kikipasuka atakiziba mchana mmoja. Kununua mdomo wa kaboni wa bei ya mbuzi watano ili ukasagwe na tuta la Chuka ni kuitupa pesa barabarani. Sharti ni moja: kifungwe kwa bolti na breketi. Gundi peke yake haitoshi. Spoila inayong'oka mwendo ukiwa mkali haimdhuru mwenye gari. Inampata mwendesha boda boda aliye nyuma yake, pamoja na mama aliyembeba. Tukiongea juu ya bei tukumbuke kwamba barabarani kuna watu wasiouziwa chochote lakini wanaoweza kulipa.

Fungu la pili ni vipande vinavyofanya kazi gari likitembea: boneti, grili, matundu ya hewa, vioo vya pembeni na taa. Chukua boneti ya Impreza yenye turbo. Lile tundu lililonyanyuka juu yake linapeleka hewa kwenye kipozea hewa ya turbo kilicholala juu ya injini. Boneti ya nakala, ambayo mfereji wake wa ndani haukutani sawasawa na kipozea, huimwaga hewa hiyo kando, na injini inapanda mlima wa Thuchi ikivuta hewa ya moto. Mwenye gari ataona tundu zuri. Injini itaona tundu lililozibwa. Zaidi ya hapo, boneti nyepesi ya faiba hutikisika mwendo ukizidi, na kama loki na bawaba hazikuimarishwa, inaweza kufunguka na kupiga kioo cha mbele. Hapa lipia kitu kizuri, au baki na boneti iliyokuja na gari. Subaru waliipa Impreza STI ya miaka ya 2000 boneti ya alumini tangu kiwandani. Anayeivua akaweka kipande kilichopambwa kwa ngozi nyembamba ya kaboni juu ya faiba nene huenda ameongeza uzito, na amelipa ili auongeze.

Taa nazo zinastahili neno. Kifuniko cha taa za kisasa ni plastiki ngumu inayolindwa na ngozi nyembamba dhidi ya jua. Kwenye nakala duni ngozi hiyo haidumu. Kifuniko kinakuwa cha manjano, kisha ukungu, na mwanga unatawanyika hovyo. Kwenye kona za Chogoria saa tatu usiku, ukungu ukishuka kutoka mlimani, taa ni uhai wako na wa anayekuja mbele yako.

Fungu la tatu ni vile vipande ambavyo hakuna anayekupigia makofi kwa kuvinunua: mwamba wa chuma nyuma ya bampa, povu linalofyonza kishindo, na fremu vinapofungiwa. Bampa unayoiona ni nguo. Mwili uko ndani. Gari likigonga, mwamba huupokea mshindo na kuugawa pande mbili za fremu, ili pua isinyae kwa mpangilio na chumba cha abiria kibaki chumba. Kompyuta ya mifuko ya hewa nayo hupima jinsi gari linavyopoteza mwendo ghafla, na hilo hutegemea jinsi pua inavyosinyaa. Ukikata mwamba ili bampa mpya ikae, umeubadilisha mpangilio huo bila kumwambia mtu, na gari halitakulalamikia mpaka siku ya siku. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: methali hii tunafundishwa darasani kwa habari ya watu, lakini sijaona mahali inapotimia waziwazi kama kwenye pua ya gari lililokatwa mwamba wake.

Kwa fungu hili sina mjadala wa rahisi au ghali. Hakikatwi. Bampa isiyokaa juu yake irudishwe dukani, hata ikiwa imetoka Japani na risiti yake ni ndefu kama shuka.

Mtu ataniambia: wewe una pesa za kuchagua, sisi hatuna. Jibu langu ni kwamba njia ninayoipendekeza si ya matajiri. Magari mengi yanayoingia Kenya yametumika Japani, chini ya sheria ya umri usiozidi miaka 8, na pamoja nayo huja spea zake, wakati mwingine pua nzima ya gari iliyokatwa na kuletwa na taa zake, rejeta na mwamba wake. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, hupeleka vitu hivi hadi gereji za Embu na Meru. Kipande halisi kilichotumika kina mikwaruzo na rangi isiyo yako, lakini kilizaliwa kwa ajili ya gari lako. Kwa kijana mwenye kipato cha msimu, huo ndio ununuzi ninaouamini kuliko wowote.

Ununue kwa macho. Geuza bampa uangalie mgongo wake: ya kiwandani mara nyingi ina herufi zilizochongwa zinazotaja plastiki yake, kama PP. Hesabu masikio ya klipu. Yaliyovunjika yana gharama. Faiba iinue kwenye jua utazame kwa nyuma: madoa makavu na mapovu ya hewa yanaonekana kama madoa kwenye jani la ndizi. Ilaze kwenye sakafu iliyo sawa, ikiyumba, imepinda. Kisha mwambie muuzaji kwamba utaijaribisha kwenye gari kabla ya rangi, mwamba na povu vikiwa mahali pake, na kwamba isipokaa utairudisha. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu. Na dai risiti. Taa au kioo cha pembeni chenye bei isiyoeleweka huenda kilichomolewa usiku kwenye gari la mtu mwingine, na ukikinunua umeliita gari lako liwe linalofuata.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni bima. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa kuambiana kila kitu. Ukilibadilisha gari bila kuijulisha kampuni, umeipa sababu ya kukunyima fidia siku unayoihitaji. Barua ya ukurasa mmoja husaidia kujikinga.

Lakini sitaki kuubebesha mzigo wote mabega ya mnunuzi. Marekani wana chama kinachoitwa CAPA, kilichoanzishwa mwaka 1987 kupima vipande vya bodi visivyotoka kiwandani mwa gari na kuvibandika alama vinavyofaulu. Uingereza wana kituo cha utafiti cha Thatcham, kilichoanza mwaka 1969 kwa msukumo wa kampuni za bima. Sisi tuna Shirika la Viwango, KEBS, na tuna sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Tunachokosa ni alama rahisi ambayo kijana wa Runyenjes anaweza kuitazama kwenye boneti au taa akajua imepimwa. Kampuni za bima, ambazo hulipia bampa zinazovunjika, zingekuwa za kwanza kuidai.

Tunao pia mafundi. Wapo watu katika miji ya Embu na Meru wanaoifahamu faiba kuliko vitabu, wanaoziba matangi ya maji na kujenga bodi za matatu. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ina mitihani ya kumpa fundi cheti cha ujuzi alioupata kazini. Taasisi kama Meru National Polytechnic zingeweza kuwafungulia milango Jumamosi: jinsi ya kupima rezini, jinsi ya kutengeneza kalibu la kwanza badala ya kunakili nakala, na somo moja refu juu ya kinacholala nyuma ya bampa. Midomo na sketi za Impreza zinazosafiri kutoka ng'ambo zingetengenezwa hapa, na pesa ya miraa ingezunguka nyumbani mara moja zaidi kabla ya kuondoka.

Nilirudi kwenye gereji ile wiki tatu baadaye. Impreza ya buluu ilikuwa pale tena. Bampa ya faiba ilikuwa imekatwa vipande: fundi alikuwa ameuchonga mdomo wake wa chini na kuufunga kwa bolti sita kwenye bampa nyingine, ya plastiki, ya rangi ya fedha, iliyotumika Japani. Gari lilikuwa na rangi mbili likingoja kupakwa, na lilikuwa limependeza hata hivyo. Kijana alipiga magoti mbele yake akapitisha kidole kwenye mwanya kati ya bampa na fenda, mwembamba na sawa pande zote mbili.

"Imekaa, mzee," akasema.

Fundi aliingiza mkono kwenye tundu la grili, akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Chuma kikaitika.